Jina la biashara likibadilika, mteja wa intaneti aelekezwe wapi?

NOVEMBA 2024 kampuni ya simu ya Tigo nchini Tanzania ilibadili jina na kuwa Yas, na huduma yake ya fedha, Tigo Pesa, ikawa Mixx by Yas. Kwa wenye vibanda vya uwakala mabadiliko hayo yalikuwa ya rangi, mabango na maelezo ya siku chache kwa wateja waliokuwa wakiulizia jina la zamani. Jambo moja halikuguswa: namba za simu. Aliyekuwa na 0713 aliendelea na 0713 yake, na mkulima wa mpunga wa Mbarali hakulazimika kumtafuta upya mnunuzi wake wa Mbeya.

Wenye simu tangu zamani wanakumbuka kwamba hali haikuwa hivyo siku zote. Katikati ya miaka ya 2000, 0741 iligeuka kuwa 0713, 0744 ikawa 0754 na 0748 ikawa 0784. Kadi za biashara zilizokwisha kuchapwa na namba zilizopakwa rangi kwenye milango ya maduka ziligeuka za zamani kwa mkupuo.

Upande wa tovuti, hali inafanana zaidi na hiyo ya 0744 kuliko hii ya Yas. Kila ukurasa wa tovuti una anwani yake, na anwani hiyo huandikwa kwenye mfuko wa kahawa, kwenye lebo ya asali, kwenye ubavu wa gari na kwenye barua ya kuomba zabuni. Biashara ikibadili jina, ikihamia kwa mtoa huduma mwingine au ikipanga upya kurasa zake, anwani ile hufa papo hapo. Isipofanyiwa lolote, mteja anayeifuata hukutana na maandishi kwamba ukurasa haupatikani. Wengi hawarudi kujaribu mara ya pili, wanabofya jina la jirani lililo chini yake.

Dawa yake ipo, na kwa mwenye jina lake mwenyewe haina gharama kubwa. Mafundi wa tovuti huiita uelekezaji wa kudumu. Ni agizo linaloachwa kwenye anwani ya zamani, likimwambia kila anayefika pale kwamba mwenye nyumba amehama na makazi yake mapya ni fulani. Tatizo ni kwamba wafanyabiashara wengi wadogo hulisikia neno hili mara ya kwanza siku wamekwisha kuumia.

MASOMO MAWILI YA KARIBUNI

Kati ya 2024 na 2025 kampuni ya Google ya Marekani, ambayo simu nyingi za mkononi za Afrika Mashariki hutegemea huduma zake, ilitoa masomo mawili kuhusu jambo hili.

La kwanza lilihusu tovuti za bure. Tangu 2017 Google ilikuwa ikimpa mwenye duka, karakana au nyumba ya wageni aliyejiandikisha kwenye ramani yake nafasi ya kutengeneza tovuti ndogo ya ukurasa mmoja, yenye anwani inayoishia na business.site. Haikuhitaji fundi wala ada. Kwa mwenye gesti ya Bagamoyo au muuza vipuri wa Nakuru ilikuwa njia rahisi ya kuonekana. Machi 2024 tovuti zote hizo zilizimwa. Aliyebofya anwani ya zamani alipelekwa kwenye maelezo ya biashara hiyo kwenye ramani ya Google, ila kwa muda maalumu tu, hadi Juni 10, 2024. Baada ya tarehe hiyo, kimya.

Google ilitoa taarifa mapema na huduma yenyewe ilikuwa ya bure, hivyo si rahisi kuilaumu kwa kufunga duka lake. Lakini hesabu ya mfanyabiashara ni nyingine. Kama alikuwa amechapa vipeperushi 2,000 au lebo za mwaka mzima zenye anwani ile, miezi mitatu ya kuelekezwa haikutosha kumaliza hata nusu ya shehena. Na hakuwa na njia ya kuongeza muda, kwa sababu ukuta ambao angebandika tangazo la kuhama haukuwa wake. Waliosalimika kirahisi ni wale wachache waliokuwa wamenunua jina lao wenyewe na kuliunganisha na tovuti ile ya bure. Hao walilielekeza jina lao kwenye tovuti nyingine na wateja hawakujua kilichotokea.

Somo la pili lilihusu viungo vifupi. Anwani ndefu haipendezi kwenye lebo, hivyo watu hutumia huduma za kuifupisha. Google ilikuwa na ya kwake, goo.gl, iliyoanza 2009. Mwaka 2018 ilitangaza kuifunga, na tangu mwishoni mwa Machi 2019 haikuwezekana kutengeneza kiungo kipya. Vya zamani viliendelea kufanya kazi, na watu wakasahau. Julai 2024 ikatangazwa kwamba vyote vitakufa Agosti 25, 2025. Malalamiko yalikuwa mengi, kwa kuwa viungo hivyo vilikuwa vimekwisha kuingia kwenye vitabu, ripoti na vibandiko ambavyo hakuna awezaye kuvirudisha kiwandani. Mwanzoni mwa Agosti 2025, wiki chache tu kabla ya siku yenyewe, kampuni ililegeza msimamo: vitakavyozimwa ni vile ambavyo havikuonyesha dalili ya kutumika mwishoni mwa 2024, na vingine vitabaki.

Walionusurika walinusurika kwa hisani. Kiungo kilichochapwa kwenye magunia na kukaa ghalani bila kubofywa mwishoni mwa 2024 kilikuwa katika hatari ya kuhesabiwa miongoni mwa vilivyokufa, hata kama magunia yenyewe yalikuwa yanasubiri msimu.

Ukubwa wa jambo hili umepimwa. Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa ripoti 2024 ikionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa za tovuti zilizokuwepo 2013 hazikuwa zikipatikana miaka kumi baadaye. Zaidi ya theluthi moja katika muongo mmoja. Si zote zilikufa kwa uzembe, kwani biashara nazo hufungwa, lakini si haba zilizohama tu bila kuacha taarifa.

NAMBA INAYOBEBA UJUMBE

Ili kuelewa dawa inavyofanya kazi, inafaa kujua mazungumzo yanayopita kati ya simu ya mteja na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Mteja akibofya anwani, seva hujibu kwanza kwa namba ya tarakimu tatu ambayo kwa kawaida haionekani. Namba 200 maana yake mambo ni sawa, ukurasa huu hapa. Namba 404, ambayo wengi wameiona, maana yake hakuna kitu kama hicho. Namba 301 maana yake ukurasa huu umehamishwa moja kwa moja, na anwani mpya ni hii. Simu ikipokea 301 inakwenda yenyewe kwenye anwani mpya. Mteja haoni kitu zaidi ya anwani kubadilika juu ya skrini.

Kuna pia 302, ambayo ni ya kuhama kwa muda. Tofauti ya hizi mbili ndiyo inayowachanganya wengi, na wafanyabiashara wa Dar es Salaam wana mfano wake karibu. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, wako waliohamishiwa Kisutu na Machinga Complex. Aliyewaambia wateja wake "nipo Kisutu mpaka soko lijengwe upya" alikuwa anatoa 302. Aliyeamua kwamba hatarudi tena, akapanga fremu ya kudumu na kubadili hata stakabadhi zake, alikuwa anatoa 301. Namba hizi ni za zamani kama biashara ya intaneti yenyewe, kwani zimo katika kanuni zilizochapishwa 1996. Baadaye iliongezwa 308, ambayo ni ya kudumu kama 301 lakini inafaa zaidi pale mteja anapotuma fomu iliyojazwa. Kwa tovuti ya kawaida ya kuonyesha bidhaa, 301 inatosha.

Kwa nini tofauti hiyo ina uzito? Kwa sababu anayesoma namba hizi si mteja peke yake. Mitambo ya kutafuta kama Google nayo hupita kwenye tovuti na kuweka kumbukumbu. Tovuti iliyokaa miaka mitano, ikatajwa na magazeti, wateja na wabia, imejijengea sifa kwenye mitambo hiyo. Sifa hiyo imefungwa kwenye anwani. Ikikuta 301, Google huchukua sifa ya anwani ya zamani na kuihamishia kwenye mpya. Ikikuta 404, baada ya muda huiondoa anwani hiyo kwenye orodha yake, na tovuti mpya huanza chini kama mgeni. Ikikuta 302, inaweza kuendelea kuonyesha anwani ya zamani ikidhani mwenyewe atarudi.

Kazi yenyewe ya kuandika agizo hili ni ndogo. Kampuni nyingi zinazopangisha nafasi za tovuti huwapa wateja wao jopo la usimamizi liitwalo cPanel, na humo kuna sehemu ya kuelekeza anwani: unajaza ya zamani, unajaza mpya, unachagua kama ni ya kudumu au ya muda, basi. Anayetumia WordPress anaweza kuongeza programu ndogo ya kazi hiyo. Fundi anayejua seva za Apache ataandika mstari mmoja kwenye faili liitwalo .htaccess. Kwa walioanzia kwenye Blogspot, kama walivyofanya Watanzania wengi waliokuwa wakiandika miaka ya 2000, jambo ni jepesi zaidi: ukinunua jina lako na kuliunganisha na blogu ile, Blogger yenyewe huanza kuwaelekeza wasomaji wa anwani ya zamani kwenye jina jipya. WordPress.com nayo ina huduma kama hiyo, ila huitoza ada ya mwaka.

WANAPOKOSEA WENGI

Chukua mfano wa msindikaji wa asali wa Tabora mwenye tovuti ya kurasa 30. Ana ukurasa wa asali ya nyuki wakubwa, wa asali ya nyuki wadogo, wa nta, wa bei za jumla na wa vyeti vya ubora. Anabadili jina la kampuni na kujenga tovuti mpya. Fundi wake, akitaka kumaliza haraka, anaandika agizo moja tu: kila anayekuja kwenye tovuti ya zamani apelekwe ukurasa wa mwanzo wa tovuti mpya.

Kwa macho kazi imekamilika. Kwa mnunuzi wa nta aliyekuwa na kiungo cha ukurasa wa nta, amefikishwa kwenye geti la kiwanda badala ya dirisha la nta, na itabidi aanze kuuliza. Google nayo haidanganyiki. Ikiona kurasa nyingi tofauti zote zinamwagwa kwenye ukurasa wa mwanzo, huzihesabu kama kurasa zisizokuwepo, na sifa ya ukurasa wa nta hupotea. Namna iliyo sahihi ni kuandika orodha yenye safu mbili, anwani ya zamani kushoto na mpya kulia, ukurasa kwa ukurasa. Kwa kurasa 30 ni kazi ya jioni moja. Bidhaa ambayo haiuzwi tena na haina mbadala ni afadhali iachwe iseme wazi kwamba haipo, na kuna namba yake pia, 410, isiyoacha shaka kwamba kitu kimeondolewa kabisa.

Orodha hiyo isitupwe. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari ndilo linalozuia kosa la pili, ambalo hujitokeza biashara inapohama mara ya pili au ya tatu. Kampuni za simu zimeonyesha jinsi majina yanavyoweza kupokezana: Celtel ikawa Zain 2008, Zain ikawa Airtel 2010. Tovuti ikipita njia hiyo na kila mara agizo jipya likiongezwa juu ya la zamani, mteja hurushwa kutoka anwani ya kwanza hadi ya pili, ya pili hadi ya tatu. Kila mruko huchukua muda, na kwa simu yenye mtandao dhaifu huko kijijini muda huo unaonekana. Mtambo wa Google wenyewe hukata tamaa baada ya miruko 10, na ushauri wake ni kwamba isizidi michache. Kila unapohama, anwani zote za nyuma zielekezwe upya moja kwa moja kwenye makazi ya sasa.

Mbaya kuliko mnyororo ni mduara. Anwani ya kwanza inampeleka mteja kwenye ya pili, na ya pili, kwa agizo lililosahauliwa na fundi wa zamani, inamrudisha kwenye ya kwanza. Simu huzunguka mara kadhaa kisha hutoa onyo kwamba ukurasa unaelekeza mara nyingi mno. Mwenye tovuti anaweza kukaa wiki nzima bila kujua, akidhani msimu ni mbaya.

Jambo jingine halisemwi sana: programu ya kuperuzi kwenye simu huikumbuka 301. Ikishaambiwa kwamba kuhama ni kwa kudumu, mara nyingine hairudi tena kuuliza. Ukikosea herufi moja kwenye anwani mpya, ukarekebisha kesho yake, wateja waliopita jana wanaweza kuendelea kupelekwa kusikokuwepo. Ndiyo maana mafundi waangalifu hujaribu kwanza kwa 302, wakibofya kila kiungo wenyewe, na kubadili kuwa 301 pale tu wanapokuwa na uhakika.

ANWANI MOJA, WARITHI WAWILI

Si kila kuhama kunaweza kuandikwa kwa mshale mmoja. Wasindikaji wa vyakula wa Tanzania wana mfano wa hilo. Hadi katikati ya 2019 mwenye kiwanda kidogo cha unga au siagi ya karanga alikwenda TFDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia chakula na dawa pamoja. Kuanzia Julai 2019, kwa mabadiliko ya sheria, usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, na mamlaka ile ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA.

Mtu akitaka kupanga uelekezaji kwa mgawanyo wa aina hiyo, hawezi kusema tu kwamba jina la zamani sasa ni jina jipya. Ukurasa wa usajili wa chakula una mrithi mmoja na ukurasa wa usajili wa dawa una mwingine. Mwenye unga akipelekwa kwa mrithi wa dawa ameelekezwa, lakini amepotezwa. Hali hiyo hiyo huwakuta ndugu wawili wanaogawana biashara ya baba yao, au chama cha ushirika kinachogawanyika kuwa viwili. Tovuti mara nyingi husahauliwa kwenye mgawanyo, ilhali mashine ya kukoboa na pikipiki zimeorodheshwa hadi skrubu. Ni vyema ikaandikwa kwenye makubaliano ni nani anabaki na jina na kurasa zipi zitaelekezwa kwa nani. Na kama mtu akifika kwenye anwani ambayo haina mrithi dhahiri, ukurasa mfupi wenye milango miwili, wa chakula huku na wa dawa kule, ni bora kuliko kumkisia.

JINA LILILOACHWA LINA WACHUMBA

Uelekezaji wa kudumu una sharti moja ambalo wengi hulisahau. Agizo huishi kwenye jina la zamani, hivyo jina la zamani lazima liendelee kulipiwa. Anayehamia jina jipya na kuacha la zamani life amebandika tangazo la kuhama kwenye mlango ambao kesho utabomolewa.

Au utapangishwa mwingine. Kampuni ya Heinz, inayotengeneza tomato sosi, iliendesha shindano nchini Ujerumani kati ya 2012 na 2014, na kwenye chupa ikaweka msimbo wa QR unaompeleka mteja kwenye tovuti ya shindano. Shindano likaisha, jina la tovuti halikulipiwa tena, na mwingine akalinunua. Chupa zilikuwa bado zipo majumbani. Juni 2015 mteja mmoja alielekeza simu yake kwenye chupa iliyokuwa mezani akajikuta kwenye tovuti ya picha za ngono. Habari ikazagaa na kampuni ikaomba radhi. Hiyo ni kampuni kubwa yenye wanasheria na idara ya mawasiliano. Kikundi cha akinamama kinachosindika pilipili hakina idara ya kuomba radhi.

Suala hili linazidi kuwa la karibu kwa wasindikaji wadogo. Bidhaa nyingi zinazoingia madukani hubeba msimbomilia, ambao wengi huuita bakodi, wa shirika la kimataifa la GS1, wenye tarakimu za kwanza 620 kwa waliosajiliwa Tanzania na 616 kwa Kenya. GS1 imejiwekea lengo kwamba kufikia mwisho wa 2027 mashine za kulipia madukani ziweze pia kusoma misimbo ya mraba ya aina ya QR, ambayo inaweza kubeba anwani ya tovuti pamoja na namba ya bidhaa. Maana yake ni kwamba anwani itakuwa sehemu ya kifungashio chenyewe. Mwenye kuchapa vifungashio 50,000 kwa mkupuo ili apate bei nafuu anatakiwa kuwa na hakika kwamba anwani iliyo ndani ya msimbo ule itaishi zaidi ya kifungashio.

Zipo huduma za kutengeneza misimbo ya QR ambazo hutoa msimbo unaopita kwanza kwenye anwani ya mtengenezaji ndipo umfikie mteja. Zina faida, kwa vile unaweza kubadili mwisho wa safari bila kuchapa upya. Lakini nyingi ni za kulipia kwa mwezi au mwaka, na malipo yakikoma msimbo unaweza kukoma pia. Mwenye jina lake anaweza kufanya kazi hiyo hiyo mwenyewe: anachapa kwenye kifungashio anwani fupi iliyo chini ya jina lake, kisha anaielekeza kokote anakotaka.

Kwa hapa, 302 ndiyo sahihi, si 301. Ikiwa leo msimbo unampeleka mteja kwenye ukurasa wa bei na mwakani utampeleka kwenye mapishi, huko si kuhama kwa kudumu.

Njia hiyo inawafaa hata wasio na tovuti kabisa, nao ndio walio wengi. Mfugaji wa kuku wa Kibaha anauza kupitia WhatsApp, fundi samani wa Mwanza kupitia Facebook, muuza mitumba kupitia Instagram. Kurasa hizo haziruhusu mwenyewe kuacha 301 siku anapohama au ukurasa wake unapofungiwa. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia mfugaji huyo kununua jina tu, bila kujenga tovuti, na kuliwekea agizo la muda linalompeleka mteja moja kwa moja kwenye WhatsApp yake. Akihamia kwingine, anabadili agizo. Jina lililoandikwa kwenye trei za mayai linabaki lile lile. Tanzania ilipoanza 2017 kuruhusu mtu kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba, wafanyabiashara waliona mara moja faida yake. Jina la tovuti humpa mwenye nalo uhuru unaofanana na huo, ila analipia kila mwaka: kwa jina la .com ni takriban dola 10 hadi 20 za Marekani.

NANI ANASHIKA FUNGUO

Swali la kwanza ambalo mwenye biashara anapaswa kumuuliza fundi wake ni jina limesajiliwa kwa nani. Si jambo geni kukuta limeandikishwa kwa jina la fundi, kwa barua pepe ya fundi, na kadi iliyolipia ni ya fundi. Wakiwa na maelewano mazuri hakuna tatizo. Fundi akihamia mkoa mwingine au wakikosana, mwenye biashara hawezi kuweka agizo la kuhama wala kulipia jina, kwa sababu kwa kumbukumbu za msajili si lake. Vyama vya ushirika vya msingi viko katika hatari zaidi, kwani viongozi hubadilika na nywila hubaki kwenye simu ya katibu aliyemaliza muda wake. Tarehe ya kulipia jina na nywila ya akaunti zingepaswa kukabidhiwa pamoja na muhuri na vitabu vya benki.

Kuhusu muda wa kuacha agizo, ushauri wa Google ni usiopungua mwaka mmoja, ili mitambo yake imalize kuhamisha kumbukumbu. Huo ni muda wa mitambo. Lebo, vitabu na mabango ya bati havisomi ushauri wa Google, na mwenye anwani iliyochapwa anatakiwa kuhesabu kwa miaka ya vitu hivyo. Jina la zamani linahitaji pia cheti cha usalama kilicho hai, kile kinachofanya anwani ianze na https. Bila hicho simu itamtisha mteja kwa onyo kubwa kabla hata agizo la kuhama halijasomwa. Vipo vyeti vya bure, kama vya Let's Encrypt, na kampuni nyingi za kupangisha nafasi huvifufua zenyewe, mradi jina la zamani halijaondolewa kwenye akaunti.

Barua pepe ni habari nyingine kabisa. Uelekezaji wa kurasa haugusi barua hata moja. Mnunuzi wa Oman aliyezoea kuagiza karafuu kwa kuandika kwenye anwani ya barua pepe yenye jina la zamani ataendelea kuandika huko, na barua zake zitapokelewa tu kama kisanduku cha zamani kimeachwa wazi au kimeelekezwa kivyake. Jina likiachwa na kununuliwa na mwingine, huyo mpya anaweza kufungua kisanduku chenye jina lile lile na kuanza kupokea oda, ankara, na hata barua za kubadili nywila za akaunti nyingine zilizoandikishwa kwa anwani hiyo.

Kwa jina la .com, mwenye kusahau kulipia kwa kawaida hupewa muda wa nyongeza na kampuni aliyolisajilia, na likishafutwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Zikipita, jina hukaa siku 5 likisubiri kuondolewa, kisha huwa huru kwa yeyote wa kwanza kulipia.